Kibakuli cha Mzee Izidori

Wanaosema Restituta ana hasira za kuzaliwa hawamjui. Alizaliwa mpole, kitinda mimba wa mkulima mmoja wa kahawa ng'ambo ya bonde la Mapera, na siku anaolewa alikuwa hata kuku hawezi kumfukuza kwa sauti. Hasira alizikuta kwa mume. Alizikuta kando ya kitanda cha baba mkwe wake, mzee Valentino, na tangu hapo hazijamtoka, na asiyezipenda shauri yake.

Mzee Valentino alikuwa mtu wa miraba minne. Msimu mmoja wa kuchuma kahawa alikuwa amekaa anakula na wanawe, akakata tonge, tonge likadondoka. Akaliokota, likadondoka tena. Watoto wake wakacheka, wakidhani mzee analeta utani. Kumbe mkono wa kulia ndio ulikuwa unatangulia kufa. Kesho yake alianguka kati ya mibuni, kikapu kikamwagika, na alipoinuliwa mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno hayatoki. Wanaume wa ukoo wakakaa kikao na kusema kuna mkono wa mtu. Walimtafuta huyo mtu mpaka wakagombana na majirani. Hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba mzee alipimwa presha hospitali, akaambiwa iko juu, akapewa vidonge, na vidonge vile vilikaa juu ya kenchi ndani ya kopo la majani ya chai mpaka vikaota ukungu.

Sasa nani alimuuguza? Wanaume waliingia, wakasimama mlangoni, wakasema pole baba, wakatoka kwenda kuendelea na huyo mchawi wao. Aliyebaki chumbani ni Restituta, mke wa mwana mkubwa, binti wa juzijuzi tu, ambaye hata kumtazama baba mkwe usoni alikuwa bado anaona haya. Alimgeuza asubuhi, akamgeuza mchana, akamgeuza jioni, mgongo usioze. Alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta mate. Alifua mashuka yake kwa maji ya mwezi wa sita, na maji ya Mapera mwezi wa sita yanakata vidole. Miaka minne. Izidori, mumewe, watu wakimuuliza hali ya mzee baada ya Misa, alikuwa anajibu kwamba anaendelea vizuri. Anaendelea! Aende wapi naye hawezi hata kujigeuza?

Basi usishangae. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka. Edmund, mtoto wa kiume waliyemtegemea, akapata kazi Songea na kumwacha mkewe Jacqueline, binti wa Kihagara huko ziwani, akae na wazee mpaka apate chumba cha maana. Izidori naye akazeeka, nywele zikawa nyeupe, akawa ndiye mkubwa wa ukoo. Siku alipopimwa presha na kuambiwa iko juu, Restituta alikuwa amekaa naye kwenye benchi. Alisikia lile neno, akatazama mkono wa kulia wa mumewe uliokuwa umelala juu ya paja.

Mwanzoni Izidori alimeza vizuri, hilo tusimnyime. Alimeza pakiti ya kwanza yote, akarudi, akapimwa, akaambiwa imeshuka. Muuguzi alimweleza palepale, taratibu, kwamba imeshuka kwa sababu ya dawa, na kwamba akiacha itapanda. Yeye alisikia neno moja tu, imeshuka. Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi, akatangaza kwamba amepona. Vidonge vya pakiti ya pili hakuvigusa. Restituta alipouliza, akaambiwa kwamba dawa inaponya kisha inakwisha, na dawa ya kumezwa mpaka siku ya kufa hiyo si dawa, ni chakula, na chakula yeye anacho.

Alimbembeleza. Alimnunia. Alimpigia kelele mpaka majirani wakasimama njiani. Alikwenda kumsemea kwa paroko, paroko akamwita mzee na kuongea naye kiungwana, mzee akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kisha akarudi nyumbani na kuvitupa vidonge chooni. Restituta alijua kitu kingine ambacho Izidori hakukisema. Mkubwa wa ukoo akionekana anatembea na vidonge mfukoni, wadogo zake wanaanza kuitazama mipaka ya shamba. Wataanza kumwambia pumzika kaka, acha tukusaidie kusimamia. Izidori aliona bora afe mzima kuliko aishi mgonjwa mbele ya ndugu zake. Mwanamume mzima na mvi zake, anakikimbia kidonge kama mtoto anayekimbia kuoga! Restituta akiwaza hivyo alikuwa anatwanga mahindi kwa nguvu mpaka kinu kinahama.

Ndipo akapata akili yake, na ilikuwa akili mbaya, lakini yeye aliiona nzuri.

Nyumba nyingi za Umatengo zimeacha sengu siku hizi. Kila mtu anakula na mkewe mbele ya televisheni. Ukoo wa Izidori haujaacha. Jioni wanaume wanakusanyika barazani kwake, kila mke anatuma chakula chake, na hapo wanakula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo mpaka giza liingie. Wanawake wanakula jikoni. Mwanamke anapika, anapeleka, anaweka, anapiga goti, anageuka. Miaka yote aliyoolewa Restituta hakuwahi kukaa pale akaona wanavyokula. Alichojua ni kwamba kati ya vyombo vyote kuna kibakuli kimoja kidogo cha udongo anachokiweka mbele ya mumewe, kitoweo chake mzee, na kwamba kibakuli hicho kila siku kinarudi kitupu.

Akaanza kusaga kidonge kwa kitako cha glasi. Alisaga mpaka kikawa unga, akautia kwenye kibakuli cha mzee, akakoroga. Siku za maharage aliutia kwenye maharage, siku za samaki akautia kwenye mchuzi wa samaki, na uchungu kidogo wa dawa ukapotea kwenye pilipili. Dawa alizifuata mwenyewe hospitali, akimwambia mhudumu kwamba mzee miguu inamsumbua. Jioni ya kwanza kibakuli kiliporudi kimefutwa mpaka chini, Restituta alipiga ishara ya msalaba na kulala usingizi ambao hakuwa ameulala muda mrefu. Aliendelea hivyo msimu wote wa palizi, mpaka kahawa ikaanza kuiva. Mumewe akimtania kwamba siku hizi amekuwa mpole, je, kelele zimemwishia? Restituta alikuwa anacheka na kuinama juu ya sufuria.

Halafu ikaja ile Jumapili ya wazee. Baada ya Misa wauguzi waliweka meza uwanjani kanisani, wazee wakapanga foleni kupimwa, na Izidori, kwa kuwa watu wote wanatazama, akanyoosha mkono kwa mbwembwe. Ikaonekana iko juu kuliko mara ya kwanza. Muuguzi akamgeukia Restituta mbele za watu na kumuuliza anamtunzaje huyu mzee, mbona hahakikishi anameza, au anasubiri mpaka apooze? Mbele ya wanawake wa jumuiya yake nzima. Restituta alitaka kumwambia huyo binti maneno ambayo uwanja wa kanisa haujawahi kuyasikia. Anameza kila siku! Lakini angelisemaje? Akamshika mzee mkono, wakaondoka. Njiani Izidori akasema mashine za siku hizi ni mbovu.

Restituta akaamua kwamba dawa ndiyo dhaifu. Jioni ile akasaga viwili.

Wiki hiyohiyo mama yake Jacqueline alituma kikapu kutoka Kihagara. Huwa anatuma dagaa, lakini safari hii kulikuwa na mbasa wawili wa moshi, wanono, wale samaki ambao mtu wa milimani akiwaona anasahau kuwa alikuwa ameshiba. Jacqueline aliwaunga kwa nyanya na karanga, harufu ikafika barabarani. Mama mkwe akachota kibakuli cha mzee, akageukia ukutani kama anatafuta chumvi, akatia unga wake. Jacqueline ndiye aliyekipeleka.

Hawajamaliza kuosha masufuria wakasikia kishindo. Kilian, mdogo wake Izidori, alikuwa ameinuka kwenda kunawa, akapepesuka, akaanguka kizingitini. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka na macho yamegeuka. Walimbeba kwa gari la jirani mpaka hospitali ya Mbinga. Alilala huko siku kadhaa, akarudi na miguu yake, amepungua na hasemi sana. Kilichosemwa na daktari kililetwa nyumbani na mkewe Oliva: presha ya Kilian ilikuwa imeshuka mno, karibu imwondoe, na daktari akauliza amekula au amekunywa nini.

Oliva alikuja na jibu lake tayari. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya uwanja, mahali kahawa ilipoanikwa, akamnyooshea Jacqueline kidole. Akasema hawa watu wa ziwani wanajulikana, akasema samaki hawakuja bure, akasema binti ametumwa na kwao aje amalize wanaume wa nyumba hii. Jacqueline alibaki ameshika ufagio. Watu wakaanza kujaa. Restituta alifungua mdomo amkate Oliva kauli, lakini lililofuata lilimziba.

"Mume wangu kala kile kibakuli peke yake," Oliva akasema. "Kama anavyopewa na kaka yake kila siku ya Mungu."

Kila siku. Restituta akamuuliza Oliva kila siku vipi, na Oliva akamshangaa, kwani hajui? Izidori tangu awe mkubwa hali kitoweo kizuri peke yake mbele ya wadogo zake, ni aibu. Kibakuli kikiwekwa tu mbele yake anakisukuma kwa Kilian, kwa sababu Kilian ndiye anayemfuata. Wanaume wote wanajua hilo.

Wanaume wote wanajua! Msimu mzima alikuwa anasaga, anakoroga, anashukuru Mungu, na Izidori hajaonja hata punje. Presha yake ilikuwa inapanda raha mustarehe wakati mdogo wake anamezeshwa dawa zisizo zake. Na Restituta angekuwa ameua mtu. Akakaa kwenye ngazi, na Oliva akadhani ni huzuni ya kusikia habari za mkwewe Jacqueline.

Izidori, aliyekuwa barazani muda wote, hakumtetea binti. Alikohoa, akasema jambo hili ni zito, litazungumzwa na wanaume jioni. Jacqueline hakungoja jioni. Restituta alipoingia chumbani kwake alimkuta anafunga nguo zake ndani ya kitenge, anasema atashuka Kihagara kesho na gari la kwanza, na Edmund akimtaka atamfuata huko. Hakuwa analia tena. Akasema, "Mama, mimi nimekukosea nini mpaka unanyamaza?"

Hapo ndipo hasira zote zilipompanda, za miaka yote. Alijikasirikia mwenyewe kwanza, kwa ujanja wake wa kijinga na kwa kunyamaza asubuhi nzima binti wa watu akichafuliwa jina. Akamkasirikia Oliva na kidole chake. Lakini zaidi alimkasirikia yule mwanamume barazani, aliyemfanya mkewe awe mwizi jikoni kwake mwenyewe kwa sababu ya kiburi cha kidonge. Akamwambia Jacqueline aache kufunga, amfuate.

Wanaume walikuwa wameshakaa. Kilian alikuwepo, amejifunika blanketi. Restituta akapanda barazani bila kupiga goti, akaweka katikati yao kile kibakuli kitupu, na kando yake pakiti ya vidonge. Mmoja akamwambia shemeji, hapa ni sengu. Akajibu anajua, chakula wanachokula hapo anapika nani? Akawaeleza. Hakupunguza kitu. Alisema alivyosaga, tangu lini, na kwa nini, na kwamba Jacqueline hajui lolote, na mtu wa kuchukiwa ni yeye. Akamgeukia Kilian, akamwomba radhi.

Izidori alisimama. Akauliza mbele ya ndugu zake kama ni kweli mkewe wa ndoa amekuwa anamlisha dawa kwa hila kama panya.

"Hukulishwa hata moja," Restituta akasema. "Amekula mdogo wako."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, akajizuia. Ndipo Kilian akatoa mkono ndani ya blanketi, na mkononi kulikuwa na pakiti kama ileile. Akasema polepole kwamba na yeye ana presha, mwaka wa pili sasa, na anameza kila asubuhi stoo ya kahawa, hata Oliva hajui. Daktari alishangaa kwa nini dawa zake zimemwangusha. Sasa ameelewa, alikuwa anameza za watu wawili. Alisema hivyo bila kumtazama kaka yake, akavirudisha vidonge chini ya blanketi.

Ungedhani hapo Izidori angelainika. Wapi! Alisema Kilian ni Kilian na yeye ni yeye, hatalazimishwa na mwanamke kwenye sengu ya baba yake, na kama ni kufa atakufa siku ya Mungu. Akageuka aingie ndani. Restituta akasimama mlangoni.

"Si kufa ninakoogopa," akasema. "Baba yako hakufa siku ile. Nilimgeuza miaka minne. Mimi, si nyinyi. Wewe sitakugeuza, Izidori, nakuapia mbele ya hawa. Chagua hapahapa nani atakugeuza."

Izidori akamtazama mdogo wake wa tatu, naye akatazama miguu yake. Akamtazama wa nne, huyo akaanza kukuna goti. Alimtazama mmoja baada ya mwingine, watu aliokuwa akiwasukumia kitoweo kizuri siku zote, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Wote walikuwa wanakumbuka kile chumba, na harufu yake, na jinsi walivyokuwa wanaishia mlangoni.

Akarudi. Akainama, akaichukua pakiti, akatoboa kidonge kwa kucha, akakitupia kinywani na kukimeza kikavu, akimkodolea macho mkewe kama anayemeza tusi. Kikamkwama. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Kilian ndiye aliyempa kikombe cha maji.

Jacqueline alikifungua kitenge chake, ingawa Oliva mpaka leo hajamwomba radhi, akikutana naye njiani anaitazama milima. Mama yake wa Kihagara alipopata habari hakutuma kikapu tena msimu ule, na Restituta anaona amefanya haki. Izidori hakuongea na mkewe mwezi mzima, isipokuwa neno moja la jioni. Kila siku, chakula kikishawekwa, anameza kidonge mbele ya ndugu zake wote, anaupanua mdomo kuonyesha kiko tumboni, na kuuliza kwa sauti ya kuudhi, "Umeridhika?"

Restituta anasimama palepale, wanawake wengine wameshageuka kurudi jikoni, naye anautazama mkono wa kulia wa mumewe. Mkono unakata tonge, unalifinyanga, unalichovya kwenye mchuzi, unalifikisha mdomoni. Likishafika ndipo anakwenda kula.